Hita ya gesi kwenye trela ikigoma kuwaka
Trela za kambi zikirudi Arusha kutoka mbugani, lalamiko ni lile lile: hita ya maji haiwaki. Kabla ya kulaumu gesi, fungua bomba la maji ya moto usikilize.

Husikii ile ta-ta-ta ya cheche? Badilisha betri zake mbili kubwa za D kwa pamoja. Mpya usiichanganye na ya zamani. Bado kimya? Basi maji hayana nguvu ya kusukuma swichi inayowasha cheche. Zima pampu, fungua nati pale maji baridi yanapoingilia, uchomoe kichujio kidogo cha wavu. Mara nyingi kimejaa mchanga na tope jepesi. Kisugue kwa mswaki uliochakaa, ukirudishe pamoja na washa lake, ule mpira wa kuzuia kuvuja.

Cheche zipo ila moto hakuna, na mtungi umebadilishwa leo: ni hewa kwenye mpira wa gesi. Jaribu mara tatu nne, ukipumzisha kidogo. Trela iliyokaa miezi bila kutumika, angalia utando wa buibui kwenye bana, yaani kichomeo cha gesi.

Moto unawaka sekunde chache kisha unazima? Kijiti cha kuhisi mwali kimeshika masizi. Funga gesi, subiri hita ipoe, kipitishie msasa laini.

Mwali wa njano, zima papo hapo. Gesi haiungui vizuri na inatoa kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na harufu. Baridi ya Julai isikufanye uzibe matundu ya hewa, tafadhali sana.