Kuchora kwa rangi kutoka kwenye picha za zamani za familia

Picha ambazo watu hawakupozi zina uhai, ila rangi zake usiziamini. Nyingi za miaka ya 1970 zilizokaa albamuni zimegeukia wekundu, kwa kuwa samawati ndiyo iliyotangulia kufifia. Chukua humo mwanga na vivuli. Rangi itafute kwingine.

1. Picha iliyoganda kwenye albamu usiing'oe. Funua nailoni, uipige kwa simu humo humo, nje kivulini, simu ikiwa sambamba nayo. Toa nakala mbili steshenari, ya rangi na ya nyeusi-nyeupe, kwa ukubwa uleule.

2. Kwa picha ya sm 9 × 13, chora miraba ya sm 1 juu ya nakala. Kitambaa cha kuchorea cha sm 36 × 52 kitachukua miraba ya sm 4; hamisha mchoro mraba kwa mraba. Penseli usiikandamize, mistari itajitokeza chini ya rangi nyepesi.

3. Kabla ya kugusa sura, jua lilikuwa wapi? Kigoma ziwa liko magharibi. Picha ya jioni ufukweni, maji yakiwa nyuma ya watu, ina maana jua liko mgongoni mwao na nyuso zina giza. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanang'arisha nyuso, watu wanaonekana wamebandikwa. Acha giza lake, kisha pitisha mstari mwembamba wa mwanga sikioni na begani.

4. Vivuli vya ngozi: kahawia nzito na bluu ya ultramarini. Panapopata mwanga, ongeza manjano ya udongo. Nyeusi ya tyubu peke yake hufanya ngozi ionekane kama masizi. Akriliki (rangi inayochanganywa na maji) ikikauka hukolea zaidi, kwa hiyo changanya iliyong'aa kidogo kuliko unayoitaka.

Maswali

*Shikamoo mwalimu. Bibi anacheka, macho kayafumba nusu. Niyafungue?*
Marahaba. Hapana. Mashavu yamepanda ndiyo maana macho yamefumba. Ukiyafungua utapata mtu aliyeshtuka. Meno nayo yawe ukanda mmoja, si moja moja, wala si nyeupe tupu.

*Maandishi ya khanga ya mama hayasomeki.*
Usibuni jina lake, acha ukungu tu. Pindo lifuate mikunjo. Likinyooka, mwili chini yake unapotea.

*Uso mmoja ni nusu sentimita.*
Kitambaani utakuwa sm 2. Kivuli cha macho, cha pua na cha chini ya mdomo vinatosha. Kope ambazo picha haina, usichore.