Somo: Kumfundisha Mtoto Tzedakah, Utoaji wa Kiyahudi, Hatua kwa Hatua

Somo hili nimeliandaa kwa wazazi wanaowalea watoto katika mila ya Kiyahudi, na pia kwa walimu wanaotaka kuielewa mila hiyo kwa undani. Tangu mwanzo tukubaliane kwamba tzedakah si ukarimu. Mtoto akikua akiamini kwamba anayetoa ni bora kuliko anayepokea, tutakuwa tumemfundisha kinyume cha somo lenyewe.

Hatua ya kwanza ni neno. "Sadaka" yetu, tuliyoipata kutoka Kiarabu, ni ndugu wa tzedakah, kwani yote mawili yanatoka kwenye mzizi mmoja wa kale wa lugha za Kisemiti. Katika Kiarabu mzizi huo umeelemea kwenye ukweli, ndiyo maana tunasema pia "kusadiki", ilhali katika Kiebrania umeelemea kwenye haki. Mweleze mtoto kwamba akirudisha kalamu aliyoazima hajamfanyia mwenzake hisani, bali amempa kilicho chake. Kisha msomee Mambo ya Walawi 19, ambapo mkulima anakatazwa kuvuna pembe za shamba lake na kuokota masazo, kwa kuwa hayo ni ya maskini na mgeni. Mwonyeshe kwamba maskini huyo huingia shambani na kuvuna mwenyewe; hasimami mlangoni akingoja kugawiwa.

Hatua ya pili ni sanduku la kukusanyia tzedakah. Kopo tupu la maziwa lililotobolewa kifuniko linatosha, ingawa mtoto atalipenda zaidi akilipamba mwenyewe. Familia nyingi hutia sarafu siku ya Ijumaa kabla ya kuwasha mishumaa ya Sabato, kwa sababu Sabato ikishaingia fedha hazishikwi. Sarafu itoke mkononi mwa mtoto, hata kama ni mzazi aliyempa. Maimonides, mwanazuoni aliyezaliwa Córdoba na kufariki Misri mwaka 1204, alieleza kwamba anayetoa sarafu elfu moja moja hujenga tabia ya kutoa kuliko anayezitoa zote kwa mkupuo, kwani mkono huzoea kwa kurudia.

Hatua ya tatu ni hadithi, na hapa nakuomba usiharakishe. Talmudi, mkusanyiko wa mijadala na visa vya marabi (walimu wa dini ya Kiyahudi), katika sehemu iitwayo Ketubot, inasimulia kwamba mwanazuoni Mar Ukva alikuwa na jirani maskini, na kila siku alimtupia sarafu nne ziitwazo zuzi kwenye tundu la bawaba ya mlango, kisha akaenda zake. Siku moja jirani aliazimia kumjua mfadhili wake. Siku hiyo Mar Ukva alichelewa kutoka kwenye nyumba ya masomo, akafuatana na mkewe. Jirani alipoona mlango unasukumwa alitoka, nao wakakimbia wakajificha ndani ya tanuri lililokuwa limeondolewa makaa muda mfupi uliopita. Miguu ya Mar Ukva ikaanza kuungua, lakini ya mkewe haikuungua, naye mke akamwambia aiweke juu ya miguu yake. Mume alihuzunika kwamba yeye hakupata kinga hiyo, naye mke akamweleza kwamba yeye hushinda nyumbani na msaada wake humfikia maskini papo hapo. Muulize mtoto kwa nini watu wakimbie kwa sababu ya jambo jema walilolitenda, kisha unyamaze umsikilize. Wengi hufika wenyewe kwenye jibu kwamba jirani asingejisikia vizuri kuwatazama usoni.

Hatua ya nne ni ngazi nane za utoaji alizoziandika Maimonides. Kwa mtoto mdogo tatu zinatosha: ya chini kabisa ni kutoa kwa kinyongo, iliyo juu zaidi ni kutoa bila mtoaji na mpokeaji kujuana, na ya juu kabisa ni kumpa mtu kazi, mkopo au ubia ili asihitaji tena kuomba.

Maswali ya wazazi

Swali: Mwalimu, mwanangu hupewa shilingi 1,000 kwa wiki. Atoe kiasi gani?
Jibu: Ada iliyozoeleka ni sehemu moja ya kumi, yaani shilingi 100. Marabi pia waliweka kikomo cha sehemu moja ya tano, ili mtoaji naye asije akawa mhitaji. Mfundishe yote mawili.

Swali: Sisi wenyewe tunasaidiwa na jamaa. Je, nimwache mtoto nje ya jambo hili?
Jibu: Hapana, dada yangu. Talmudi inasema kwamba hata maskini anayeishi kwa tzedakah naye atoe. Sarafu moja ndogo inamtosha mwanao kujua kwamba naye anadaiwa haki na wengine.

Swali: Binti yangu ameuliza itakuwaje iwapo anayeomba ni mwongo. Nilikosa jibu.
Jibu: Ameuliza swali ambalo marabi nao walilijadili. Uamuzi uliofuatwa ni kwamba anayeomba nguo huchunguzwa kwanza, lakini anayesema ana njaa hulishwa bila kuhojiwa, kwa maana njaa haisubiri uchunguzi. Mruhusu binti yako, akiwa pamoja nawe, amkabidhi chakula huyo mwombaji kwa mikono miwili, na swali la uongo lingoje mpaka mtu huyo awe amekula.