SOMO: Piga mwenyewe hesabu ya umbali na muda wa ndege, Dar hadi Mwanza

Wakuu, kwa basi Dar–Mwanza ni zaidi ya kilomita 1,100. Ndege haijui kona ya Morogoro wala mzani, kwa hiyo namba yake ni nyingine. Chukua karatasi na kikokotoo cha simu.

1. Fungua ramani kwenye simu, bonyeza kwa muda mrefu juu ya uwanja. Zitatokea namba mbili. Uwanja wa Julius Nyerere: -6.88, 39.20. Mwanza: -2.44, 32.93. Ya kwanza ni latitudo (alama ya kutoa maana yake kusini mwa Ikweta), ya pili longitudo.

2. Tafuta tofauti. Latitudo 4.44, longitudo 6.27.

3. Zidisha kila moja kwa 111, maana huku kwetu karibu na Ikweta nyuzi moja ni takriban kilomita 111. Unapata 493 na 696.

4. Sasa ile Pythagoras tuliyoilalamikia sekondari: kila namba ijizidishe yenyewe, jumlisha, tafuta kipeuo cha pili (alama ya √). Jibu ni kama kilomita 853.

5. Gawanya kwa mwendo. Jeti kama Airbus A220 huenda kama kilomita 830 kwa saa: dakika 62. Pangaboi la Q400, zile tunazoziita Bombadia, kama 660: dakika 78.

6. Ongeza dakika 25 hadi 30. Wengi huisahau hatua hii halafu wanashangaa. Muda wa kwenye tiketi huhesabiwa tangu ndege inapoondoka kwenye maegesho mpaka inaposimama kwenye maegesho ya kule, na wakati wa kupanda na kushuka haiendi kwa mwendo wake kamili. Kwa hiyo jeti ni kama saa moja na nusu, Bombadia saa moja na dakika 45 hivi.

Dar–Zanzibar usiipigie hesabu hii. Ni kilomita 73 tu. Ndege haijakaa sawa angani, inaanza kushuka.

MASWALI

Mkuu, Dar–Addis Ababa nimepata kilomita 237. Inawezekana kweli?
Hapana, hiyo ni Dar–Tanga na chenji. Addis iko kaskazini mwa Ikweta, 8.98 bila alama ya kutoa. Hapo unajumlisha: 8.98 + 6.88 = 15.86. Jibu sahihi ni kama 1,760.

Tiketi ya Kigali inaonyesha nafika chini ya saa moja baada ya kuondoka Dar. Wamekosea?
Hawajakosea. Kigali wako nyuma yetu kwa saa moja, na tiketi huandika saa za mahali. Ongeza hiyo saa.

Kwa London inafaa?
Haifai. Ukienda mbali na Ikweta nyuzi za longitudo husinyaa. Kwenye latitudo 60 ni nusu tu ya 111. Tumia vikokotoo vya mtandaoni vinavyofuata mviringo wa dunia.

Imeandikwa 01:00. Ni saa moja asubuhi?
Saa saba usiku, ndugu yangu! Saa moja asubuhi ni 07:00. Mjomba wangu alifika uwanjani alfajiri, amenyoa, na kikapu cha maembe mkononi. Ndege ilikuwa imeshaondoka usiku. Maembe tuliyala sisi.