Kuomba kibali cha usalama Marekani ukiwa na madeni

Wapo watu wanaoiacha kazi nzuri ya serikali ya Marekani, au ya kampuni yenye mkataba na jeshi, kwa sababu wana madeni na wanaogopa kuchunguzwa kabla ya kupewa kibali cha usalama, yaani ruhusa ya kuona siri za serikali. Nakuomba usijiengue mapema hivyo. Kanuni inayotumika, agizo la serikali liitwalo SEAD 4 la mwaka 2017, haitaji popote kiwango cha deni kinachomfungia mtu mlango. Inachotaka kujua ni kama unaaminika, na kama shida zako zinaweza kukusukuma uuze siri. Hofu hiyo ya serikali ina historia: Aldrich Ames, ofisa wa CIA, shirika la ujasusi la Marekani, aliyekamatwa mwaka 1994, alianza kuwauzia Wasovieti siri mwaka 1985 akiwa amebanwa na madeni.

Kibali hiki mtu hajiombei. Uwe raia wa Marekani, uwe umeahidiwa kazi, kisha mwajiri ndiye anayekufungulia maombi, nawe unajaza fomu SF-86, yenye maswali kuhusu maisha yako, kwenye mfumo wa mtandaoni wa eApp. Siku za kusubiri kabla ya fomu kufunguliwa ni za thamani sana. Zitumie hivi.

Anza na ripoti zako za mikopo. Ingia annualcreditreport.com uchukue bure za Equifax, Experian na TransUnion, kampuni zinazotunza rekodi za mikopo, zote tatu, kwa kuwa deni lisiloonekana kwa mmoja laweza kuwa kwa mwingine. Huenda ukakuta bili ya hospitali uliyoisahau, au deni lisilo lako kabisa. Lisilo lako lipinge kwa maandishi na utunze nakala; ubishi wenye ushahidi unahesabiwa upande wako.

Kisha zungumza na wadai. Hakuna anayekutaka umalize kila kitu kabla ya kuomba. Omba mpango wa kulipa unaoumudu, hata kama ni kidogo kila mwezi, upewe kwa maandishi, halafu usiruke hata mwezi mmoja. Ahadi ya “nitalipa nikipata kazi” haina uzito. Deni ambalo benki imeshaliondoa vitabuni nalo bado litaulizwa. Kwangu mimi, kodi ndiyo ya kushughulikia kwanza: peleka IRS, yaani mamlaka ya kodi ya Marekani, ritani zote ulizochelewesha, na kama huna pesa ya kulipa kwa mkupuo, omba kulipa kwa awamu.

Sasa fomu yenyewe. Sehemu ya 26 inauliza habari za miaka 7 iliyopita: kufilisika, kodi, gari au nyumba kuchukuliwa na mkopeshaji, mshahara kukatwa kwa sababu ya deni, madeni yaliyopelekwa kwa wakusanyaji, na yaliyochelewa zaidi ya siku 120, hata kama umeshayalipa. Shida za fedha zilizoletwa na kamari huulizwa bila kikomo cha miaka. Andika yote. Deni linaweza kueleweka; kulificha kwa makusudi ni kosa la jinai ambalo adhabu yake yaweza kufika kifungo cha miaka 5.

Kwenye nafasi ya maelezo, sema chanzo bila kujipamba. Kupoteza kazi, ugonjwa, talaka na kufiwa vimetajwa kwenye kanuni kama sababu zilizo nje ya uwezo wa mtu, mradi uonyeshe kwamba ulitenda kwa busara baada ya hapo. Kwa mfano: “Nilipunguzwa kazini Machi, nikashindwa kulipa kadi miezi 6. Tangu Oktoba nalipa dola 80 kila mwezi, risiti ninazo.” Inatosha.

Mchunguzi akikuita, nenda na risiti, barua za wadai na bajeti yako ya mwezi.

Ukipokea barua inayoorodhesha sababu za kusita kukupa kibali, usikate tamaa wala usiiweke kando. Kwa wafanyakazi wa kampuni zenye mikataba na Wizara ya Ulinzi, muda wa kujibu ni siku 20 tangu uipokee. Jibu kila hoja kwa namba yake, ukubali au ukane, uambatanishe ushahidi, na kama unataka kusikilizwa mbele ya jaji, liombe hilo kwenye jibu hilo hilo.

Ukishakipata, rekodi zako za mikopo huendelea kukaguliwa. Deni likipita siku 120 bila kulipwa, au ukiomba kufilisika, mwendee ofisa usalama wa kazini kwako umweleze mwenyewe.