Jinsi ya kuangalia muvi za zamani kwenye TV ukiwa Mtwara na usilale katikati

Oya wadau wa kusini, leo nawapa siri zangu zote. Mimi ni mgonjwa wa muvi za zamani, zile za kabla hata mama hajakutana na baba, mapicha ya Kihindi ya masaa matatu, kauboi, shaolini, mpaka zile nyeusi na nyeupe ambazo watoto wa hapa kwetu Magomeni wakichungulia dirishani wanauliza anko TV yenu imekufa rangi? Na kila nikisema nilikesha na picha la mwaka 1957 watu wananicheka, wanasema hizo ni za kubembelezea usingizi. Njomba, unalala kwa sababu unaziangalia kama unavyoangalia za siku hizi, mkono mmoja uko kwenye simu. Hizi zina namna yake.

Kikubwa kuliko vyote, anza nayo mwanzo. Hapa sitanii kabisa. Muvi za sasa majina yote yanakuja mwishoni watu wakiwa wanavaa ndala, za zamani nyingi waliyaweka mwanzoni, staa nani, muziki wa nani, kaongoza nani, halafu mwishoni linatokea neno The End, muziki unapigwa kidogo, habari imeisha. Kwahiyo ukichelewa dakika tano hujui hata unamuangalia nani. Na kingine wale watu hawakuwa na haraka, wanaweza wakakuonyesha kijiji dakika ishirini nzima, nani anamdai nani, nani alimtazama nani kisimani, we unaona hakuna kinachoendelea kumbe ndo unapangiwa kilio cha saa mbili mbele. Ukiyakosa hayo utaona watu wazima wanalia tu ukajua wamechanganyikiwa.

Sasa kuijua saa yenyewe ndo mtihani. Bonyeza ratiba kwenye rimoti ya king'amuzi, usitegemee trela. Trela za chaneli za Afrika Kusini wanaandika saa zao, na wao wako nyuma yetu lisaa limoja, ukiona 20:00 CAT kwetu ni 21:00, yani saa tatu usiku. Mimi kwa ujinga wangu nilishawahi kukaa lisaa zima naangalia watu wanapika keki nikisubiri kauboi atokee. Shemeji yangu ndo kiboko, aliona 02:00 akajua saa mbili, akawahi kuoga, akafukuza watoto sebuleni, kumbe ni saa nane usiku. Na hizi muvi kweli wanapenda kuziweka usiku mkubwa, huko ambako unamaliza ndo kunakucha, Mtwara kuchele yenyewe sasa. Ila usife moyo, chaneli nyingi zinarudia picha lile lile baada ya siku kadhaa. Mimi nina kadaftari, naandika jina, mwaka, na siku nilipoliona kwenye ratiba, likirudi mchana wa jumapili nalikuta limekaa.

Kama king'amuzi chako kina sehemu ya kuchomeka flashi na kinakubali kurekodi basi rekodi kwa usalama, ila mimi binafsi naipenda ile ya moja kwa moja. Kitu ukishakirekodi unasema nitaangalia kesho, kesho haifiki. Ikiwa inaonyeshwa saa tatu na hamna namna ya kuisimamisha, nyumba nzima inakaa chini.

Mvua. Huku kwetu kuanzia kama desemba mpaka aprili ikishuka ile ya ukweli TV inaandika hamna signo na kila mtu anakutazama wewe kama wewe ndo umeileta. Usipande juu ya bati! Wingu zito linazuia mawimbi ya satelaiti, likipita picha linarudi lenyewe. Tatizo ni kwamba mtu akikosa uvumilivu anaita fundi, fundi anazungusha dishi, mvua inaisha na dishi limeshapotea. Kwa faida yenu, dishi la Azam huku linatazama machweo, kidogo kuelekea kaskazini, na lile la DStv linatazama juu karibu na utosini, kwahiyo ukiona fundi anaelekeza la Azam baharini mwambie ashuke anywe maji kwanza. Na kwa sisi wa karibu na maji, Shangani, Mikindani na Lindi mjini, chumvi inakula bolti za dishi taratibu taratibu, zikilegea upepo wa kusi unalisogeza. Kila mwaka paka grisi.

Haya tuje kwenye TV yenyewe, maana hapa ndo watu wengi wanaharibu.

Zamani sinema ilikuwa inakaribia mraba, upana ulizidi urefu kidogo tu. Mwaka 1953 Hollywood wakaleta ule upana mkubwa wa CinemaScope ili watu waache TV majumbani warudi ukumbini. TV zetu bapa za sasa ziko katikati ya hapo, kwahiyo picha la mwaka 1942 litakuwa na vipande vyeusi kushoto na kulia, na picha pana litakuwa na vyeusi juu na chini. Hivyo vyeusi viache! Mtu anabonyeza zoom ijae kioo, matokeo yake mwanamke mzuri wa watu anageuka mnene kama pipa, au kichwa cha stelingi kinakatwa kwenye paji la uso. Rudisha kwenye saizi yake ya asili. Na kama una ile TV ya chogo uani imewekwa juu ya friji bovu, usimpe mtu wa vyuma chakavu, umbo lake linaendana kabisa na muvi za kabla ya 1953, mimi yangu ndo naangalizia Chaplin.

Kisha ingia kwenye menyu ya picha. TV nyingi zikitoka dukani zimewekwa rangi kali ili zing'ae pale dukani. Weka ile ya muvi au sinema, punguza ukali na rangi, na ile ya kulainisha mwendo zima kabisa, inafanya picha la zamani lionekane kama tamthilia ya jana. Sabufa nayo punguza besi, sauti za zamani zilirekodiwa kwenye mstari mmoja, ukiweka besi mpaka mwisho unasikia mngurumo tu na maneno hamna. Chembechembe na mikwaruzo kidogo ni za filamu yenyewe, usianze kumlaumu mtu.

Na hili la midomo nililiulizwa mpaka nikachoka. Unaangalia kauboi, mdomo unasema hivi na sauti inasema vile, unagonga king'amuzi. King'amuzi hakina kosa. Yale makauboi ya Waitaliano, mfano The Good, the Bad and the Ugly ya 1966, yalipigwa Hispania, kila muigizaji anaongea lugha yake, sauti zikaja kuingizwa baadae studio. Shaolini za Hong Kong nazo miaka ile nyingi ziliingizwa sauti baadae, ndo maana ngumi zote zina mlio mmoja wa kupiga godoro. Ukishajua unaacha kukereka, unaanza kuufurahia ule mlio. Halafu sie tuliokulia kwenye vibanda umiza tunazisikiliza picha za Lufufu, yule aliyekuwa anaingiza sauti ya kutafsiri muvi kwa Kiswahili, mambo ya midomo hayatuhusu, mzee alikuwa anamaliza sentensi jamaa wa kwenye kioo kashakufa.

Uanze na ipi? Usianze na nzito. Mimi ukija kwangu hujawahi kuangalia nyeusi na nyeupe nakuwekea 12 Angry Men ya 1957. Wanaume kumi na mbili, karibu muvi nzima wako chumba kimoja, joto, feni haifanyi kazi, ni jopo la mahakama linabishana kama kijana aliyeshtakiwa kwa kuua ana hatia au hana, dakika 96 basi. Joto hilo ukiwa Mtwara mwezi wa kumi na moja na umeme umekatika dakika tano nyuma unalielewa vizuri kuliko wao. Na ukiangalia kwa makini utaona chumba kinazidi kubana, hiyo ni dairekta Sidney Lumet alikuwa anabadilisha lenzi na kushusha kamera kidogo kidogo mpaka dari linaonekana. Baada ya dakika kumi unasahau kama haina rangi.

Watoto wape Modern Times ya Chaplin, 1936. Hakuna haja ya kutafsiri, jamaa anakaza nati kiwandani mpaka anachizika anataka kukaza kila kitu. Wale wale walioniuliza TV imekufa rangi sasa hivi wanakuja wenyewe, wanakaa chini ya kochi.

Vijana wa ngumi, Enter the Dragon, 1973. Bruce Lee alifariki julai 20 mwaka huo huo kabla picha halijaanza kuonyeshwa, na ukiangalia huku unalijua hilo kila anapotabasamu unaumia. Ukitaka uvumilivu zaidi tafuta The 36th Chamber of Shaolin ya 1978, sehemu kubwa ni mazoezi tu, kubeba maji, kupiga vichwa, halafu hautaki yaishe. Na kuna Hatari! ya 1962, John Wayne anakamata wanyama huko Arusha wakati nchi bado inaitwa Tanganyika, waigizaji waliwakimbiza wanyama wenyewe, na jina lake kama unavyoona halihitaji mkalimani.

Lakini picha la nyumba nzima ni Sholay. 1975, marafiki wawili Jai na Veeru wanapambana na jambazi Gabbar Singh, masaa matatu na zaidi na matangazo ya biashara juu yake, yani ukianza saa tatu usiku jipange mpaka usiku wa manane. Mama yangu hajui Kihindi hata neno la kuombea maji ila analia pale pale kila mwaka. Kitu cha kuangalia ni ile sarafu ya Jai, mtazame kila anapoirusha, sisemi zaidi. Na kama umewahi kushangaa kwanini polisi wanaibuka ghafla mwishoni wakati Thakur, yule polisi mstaafu aliyekatwa mikono na Gabbar, anataka kumaliza kazi yake, ni kwamba wakaguzi wa serikali ya India hawakutaka afisa mstaafu aonekane anaua kwa mkono wake, sijui niseme mguu, wakalazimisha mwisho mwingine. Imetoka 1975, kama nimekuharibia kosa si langu.

Picha la namna hiyo linataka maandalizi. Swali isha kabisa, kula ugali wako mapema maana ukila katikati unashiba unasinzia. Cha kutafuna tafuta kitu kinachochukua muda, ndo maana mimi sina mpinzani wa ming'oko, vile viazi pori vya huku kusini, unachemsha sufuria moja jioni, unaimenya taratibu, nyuzi unatupa pembeni, mkono una kazi na macho yako kwenye kioo. Korosho zinaisha haraka sana, na kwa bei ya siku hizi utakuwa unamuangalia mwenzio anachota ngapi badala ya kuangalia muvi. Kwenye picha la Kihindi kuna ile Interval katikati, hapo ndo pa kwenda chooni na kuongeza chai, sio kwenye wimbo! Watu wanaondoka kwenye wimbo wanadhani ni mapumziko, kumbe wakati wa wimbo ndo mchumba kabadilika msimamo, wakirudi wanaanza kuuliza huyu si walikuwa wamegombana.

Kuhusu maswali, sheria ya kwangu ni hivi, anayeijua muvi haruhusiwi kusema "ngoja uone". Akisema mara mbili anahamia uani. Mjomba wangu wa Lindi alihama mara tatu usiku mmoja, akaishia kuangalia kupitia dirishani na watoto wa jirani. Kesho yake alfajiri kapanda gari karudi kwake, kufika Mnazi Mmoja ile ya njia ya Lindi tu kanipigia, hata salamu hakumaliza, anataka tukubaliane stelingi ni Jai au Veeru. Tulibishana mpaka vocha yake ikaisha, na mimi sikumpigia.