Risachi ya mtandao wa kompyuta: usikubali simulesheni ikudanganye

Msimu wa projekti ukifika, iwe ni Maseno, Masinde Muliro ama Egerton kule Njoro, wanafunzi wengi wa kompyuta wanaanzia mwisho. Mtu anapakua ns-3, programu ya simulesheni, yaani ya kuiga mtandao mzima ndani ya kompyuta, anahangaika nayo mpaka ikubali kuingia kwa laptopu, halafu ndio anaanza kutafuta swali la kuuliza. Geuza hiyo. Swali kwanza, chombo baadaye, juu chombo kinategemea unataka kujua nini na utamwonyesha supavaiza vipi kwamba jibu lako si la kubahatisha.

Tuchukue mfano tutembee nao. Hosteli ya wanafunzi Lurambi, Kakamega, vyumba kama arobaini hivi, wifi inaletwa na redio ya 5 GHz iliyofungwa juu ya paa. Ikifika saa mbili usiku kila kitu kinaganda. Wapangaji wanasema ni mvua, mwenye wifi anasema ni nyinyi mnaotazama video. Sasa "mbona mtandao uko slow" si swali la risachi, hayo ni malalamiko. Swali ni hili: kati ya saa moja na saa tano usiku, ucheleweshaji unaoongezeka unatokea ndani ya plot, kwenye redio, ama mbele huko kwa mtoa huduma? Hilo linapimika, na data inaweza kukuonyesha ulikuwa umekisia vibaya.

Njia ziko nne: kupima mtandao wenyewe, kupiga hesabu kwa karatasi, emulesheni na simulesheni. Chukua angalau mbili ndio moja ichunge nyingine.

Anza na karatasi, haikulipishi bundle. Mwanga ndani ya faiba unaenda karibu kilomita 200,000 kwa sekunde, yaani kila kilomita ni maikrosekunde 5. Kisumu hadi Nairobi kwa barabara ni kama kilomita 350, kwa hivyo faiba ikifuata barabara, kwenda na kurudi haiwezi kupungua milisekunde 3.5 hivi. Ping, ile pakiti ndogo ya kupima muda wa kwenda na kurudi, ikikuambia milisekunde 1, hiyo seva haiko Nairobi, kuna nakala karibu yako. Ikikuambia 40, ujue kilomita hazihusiki sana, tafuta foleni ama njia inayozunguka. Kuhusu foleni, ile fomyula rahisi ya hesabu za foleni inayoitwa M/M/1 inasema laini ikijaa nusu, muda wa pakiti (kile kipande kidogo cha data kinachosafiri) kupita unakuwa mara 2 ya muda wa kuhudumiwa peke yake, ikijaa asilimia 90 unakuwa mara 10, ikifika 95 ni mara 20. Ndio maana mtandao unakuwa sawa sawa halafu ghafla unakufa, haupungui polepole vile watu wanadhani.

Lakini hiyo fomyula inadhani pakiti zinafika kwa mtindo wa Poisson, yaani kwa bahati, kila moja bila kujali nyingine, na hapo kuna shida ya zamani. Mwaka 1994 Leland, Taqqu, Willinger na Wilson walitoa vipimo vya Ethernet, mtandao wa waya wa ofisini, ya Bellcore, maabara ya utafiti wa simu Marekani, ikaonekana trafiki halisi inakuja kwa mafungu, na hayo mafungu hayalainiki ukiangalia kwa sekunde moja, kwa dakika ama kwa saa. Mwaka uliofuata Paxson na Floyd wakaonyesha mambo yanafanana kwa mitandao mikubwa pia. Kwa hivyo hesabu ichukue kama mpaka wa kwanza wa kujua jibu liko upande gani, usiiweke kwa hitimisho.

Kupima sasa, na hapa ndio ningekushauri utumie muda wako mwingi. Weka Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya bodi moja, ama laptopu mzee kwa hosteli, iwe inapiga ping kila dakika kwa sehemu tatu: rauta ya ndani, kituo cha kwanza cha mtoa huduma upande wa pili wa redio, na seva ya nje. Ukiwa na hizo tatu unaweza kutoa moja kwa nyingine ukajua kuchelewa kumezaliwa wapi. Ping ya nje tu haikuambii kitu. Na jua rauta nyingi hazijali ping, zinaijibu zikipata nafasi, kwa hivyo kituo cha katikati kikionekana kibaya na seva iliyo mbele yake iko poa, usikimbie kulaumu hicho kituo.

Halafu kuna stima. Huku magharibi mvua na radi za jioni tunazijua, na mtu akiona wifi imeenda wakati wa mvua anasema mvua imekula signo. Kwa 5 GHz mvua haifanyi mengi, inaanza kuumiza sana masafa ya zaidi ya 10 GHz. Mara nyingi kilichoenda ni umeme wa pale mnara uko, lakini usiniamini, pima. Mpe hiyo Pi betri yake ndogo ya kuibeba wakati stima imepotea, na iandike kwa logi umeme wa plot ukienda na ukirudi. Kama Pi inazima pamoja na rauta utabaki na pengo kwa data, na watu wanapenda kuyafuta hayo mapengo ndio grafu ipendeze, eti data haikupatikana, wakati hilo pengo pengine ndilo jibu lenyewe la swali lako. Kitu kingine, Raspberry Pi nyingi za kabla ya Pi 5 hazina saa inayoendelea kutembea zikizimwa, kwa hivyo ikiwaka tena bila mtandao inaweza kuandika saa ya uongo mpaka iipate seva ya wakati. Weka alama kwa logi kila inapowaka.

Usinase pakiti za watu bila ruhusa. Kuna sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018 na sheria ya kulinda data ya 2019, zote zinakuhusu hata kama wewe ni mwanafunzi tu. Ruhusa ya mwenye mtandao iandikwe, uliza chuo kuhusu kibali cha NACOSTI, tume ya serikali inayotoa vibali vya utafiti, na ukitumia tcpdump, programu ya kunasa pakiti, chukua vichwa vya pakiti peke yake, anwani uzifiche kabla ya kuhifadhi.

Emulesheni ni pale programu ni za kweli lakini mtandao ni wa kuigiza. Mininet, iliyotoka Stanford mwaka 2010, inakutengenezea swichi na kompyuta kadhaa ndani ya laptopu moja. Ama chukua laptopu mbili na waya, kwa Linux uandike:

tc qdisc add dev eth0 root netem delay 40ms 10ms loss 1%

Hapo umepata laini mbovu. Angalia mambo mawili: hiyo amri inagusa pakiti zinazotoka tu, na ile 10ms ya kuyumba inaweza kufanya pakiti zipitane, TCP (kanuni inayohakikisha data imefika) idhani zimepotea ipunguze spidi, wewe ulaumu laini bure. Na kwa Mininet saa ni ya ukweli, prosesa ikichoka unapima laptopu yako, si mtandao.

Simulesheni ndiyo inakupa uhuru wote, na ndiyo inadanganya kwa urahisi wote. Ns-3 ama OMNeT++ itakuruhusu uweke vyumba 400 badala ya 40 bila kununua waya. Lakini haijui stima imeenda Lurambi mpaka wewe uiandike. Haijui paa ni mabati na kuta ni mawe, ukiacha modeli ya Friis ya kukadiria signo itadhani hosteli yako iko hewani bila kizuizi chochote. Haijui TCP gani watu wanatumia, matoleo ya zamani ya ns-3 yalikuwa yanakupa aina inayoitwa NewReno usiposema kitu, na Linux iko na aina ya Cubic tangu 2006. Kila mpangilio ambao hukuuchagua, kuna mtu alikuchagulia, na hakuwa anafikiria Kakamega.

Kabla ya kuweka hizo nodi zote, yaani vifaa vya kuigiza, fanya jaribio la kitoto. Nodi mbili, laini ya Mbps 10, pakiti moja ya baiti 1500. Kuisukuma kwa waya ni milisekunde 1.2, ongeza muda wa safari. Simulesheni isipokupa hiyo namba hapo umekosea kitu, na kukitafuta kwa nodi mbili ni rahisi kuliko kwa mia nne. Kisha iga hosteli ile ile uliyopima, vyumba arobaini, ulinganishe na logi ya Pi. Zikikaribiana ndio upanue.

Usiripoti mbio moja ya simulesheni. Ni kama kuuliza mama mmoja bei ya ngege Kibuye halafu unaandika hiyo ndiyo bei ya Kisumu nzima. Kwa ns-3 badilisha RngRun, namba inayobadilisha bahati ya kila mbio, rudia angalau mara 10, toa wastani na mpaka wa kuamini. Tuseme wastani umekuwa ms 84 na mtawanyiko wa kawaida 12, kwa mbio 10 unazidisha 12 na 2.262 (namba ya jedwali la t kwa mbio 10, uhakika wa asilimia 95) unagawa kwa kipeuo cha pili cha 10, unapata kama 8.6. Andika 84 ± 8.6. Mbinu ya mwenzako ikileta 80 hapo huwezi kusema ni bora. Sekunde za mwanzo zitupe pia, mtandao bado ni mtupu, chora grafu uone inatulia wapi ukate hapo. Na ukitumia watembeaji wa random waypoint, modeli ya watu wanaoenda kila mara mahali palipochaguliwa kwa bahati, usiweke spidi ya chini kuwa 0, Yoon, Liu na Noble walionyesha mwaka 2003 kwamba wastani wa spidi unazidi kushuka na mtandao hautulii kamwe.

Ukubwa nao utakushika shati. Laini moja ya Gbps 1 ikijaa ni pakiti kama 83,000 kwa sekunde, kila moja na matukio yake kila kituo, zidisha na laini zako uone kwa nini laptopu inanguruma usiku kucha kwa sekunde chache za simulesheni. Punguza spidi, lakini useme umepunguza na kwa nini. Intaneti yenyewe nzima wacha, Floyd na Paxson walieleza mwaka 2001 kwa nini kuiiga ni balaa, ni kubwa, haifanani popote, na inabadilika ukiwa bado unaandika.

Mwisho weka folda moja: toleo la programu, skripti, mbegu za RngRun, ramani ya nodi, data mbichi pamoja na mapengo yake. Kurkowski, Camp na Colagrosso walipitia makala za MobiHoc, kongamano la mitandao isiyo na waya, za 2000 hadi 2005, wakakuta chini ya asilimia 15 ndizo mtu mwingine angeweza kurudia. Hiyo folda mpe mwanafunzi mwenzako aiendeshe kwa laptopu yake kabla hujaenda difensi, na asipopata namba zako usibadilishe namba, tafuta ni nini hukuandika.