Kutoka kuigiza hadi kuongoza, ukiwa Kigoma

Mwigizaji wa tamthilia anapoanza kuongoza, kosa lake la kwanza ni kumwonyesha mwenzake namna ya kuigiza. Mwisho wa siku wote wanaigiza kama yeye. Mpe mtu lengo: "Mzuie asipande boti." Ukimwambia "kasirika zaidi", atapiga kelele tu.

Anza na kazi ya dakika 5, wahusika 2, eneo 1. Ukurasa wa skripti ni kama dakika moja ya picha. Usipange zaidi ya kurasa 3 kwa siku. Kibali cha Bodi ya Filamu kishughulikie mapema.

Tuseme mnapiga Kibirizi asubuhi, wavuvi wakishusha dagaa. Anza na picha pana, maana boti hazitakusubiri. Nyuso zije baadaye. Kamera ibaki upande mmoja wa wanaozungumza, la sivyo kwenye uhariri wataonekana wote wanatazama upande uleule. Upepo wa ziwa huua sauti: ivishe maiki kifuniko chake cha manyoya cha kuzuia upepo, kisha nyamazisheni kila mtu na kurekodi sekunde 30 za sauti ya mahali penyewe. Mhariri atazihitaji kuzibia mapengo.

Ratiba ya Dar usiinakili. Kigoma jua huzama karibu dakika 40 baadaye, na hufika juu kabisa kama saa 7 mchana, macho ya waigizaji yakageuka mashimo meusi. Saa hiyo nendeni mkale ugali na migebuka.

Ukiigiza humohumo, mwachie msaidizi neno "kata". Huwezi kulia na kujihukumu kwa pamoja.